Usiazime Kiti Siku ya Mtu wa Basari

Ngoja kwanza. Weka simu chini, wewe unayejaza maombi ya basari, hiyo pesa ya karo, hapo kwenye ngazi za hosteli, unisikilize mimi Madam Mumbua, niliyestaafu juzi na bado sijazoea kunyamaza. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa afisa wa ustawi wa jamii huku Machakos, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kufika nyumbani kwa kijana aliyeomba basari nikaone kama anaishi vile alivyosema. Watu waliniita mtu wa basari. Nikipita sokoni, akina mama waliacha kupima ndengu wakaanza kunisalimia kwa sauti tamu, hata wale walionisengenya jana yake. Basari yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya kamati, lakini nani angeniamini?

Leo nina furaha kubwa, na sababu yake nitaisema, lakini si sasa. Nikianza na sababu hamtasikiliza mafunzo, nawajua.

Kuna vijana wa aina tatu wanaoomba basari. Wa kwanza ana wazazi, na vitambulisho vyao anavyo. Wa pili ni yatima, na vyeti vya kifo anavyo. Wa tatu ndiye aliyenipa kazi ya kweli. Huyu baba yake yuko hai, anakula na kushiba mahali fulani, lakini hataki kumwona. Mama naye ameolewa kwingine, simu haishiki. Kijana anaishi peke yake, anajilipia chumba, anajipikia, anajitibu akiugua. Sasa mwambie athibitishe. Ukifiwa unapewa cheti, lakini ukiachwa hakuna ofisi inayokupa chochote. Ndiyo maana mtu kama mimi alitumwa akatazame kwa macho.

Na wewe wa aina hii ya tatu, tafadhali, usiandike kwamba wewe ni yatima ili mambo yawe rahisi. Kijana mmoja wa upande wa Mwala alimuua baba yake kwa kalamu namna hiyo. Nilipofika stendi nikachukua bodaboda inipeleke kwake, na dereva akaniuliza naenda kwa nani. Nikamtajia.

"Aiya! Huyo ni kijana yangu," akasema. "Lakini hatuongei. Tulikosana juu ya shamba, nikamwambia asikanyage kwangu. Ako peke yake huko ng'ambo ya mto, atajijua."

Alikuwa marehemu mchangamfu sana. Alinipeleka hadi kwenye kona ya nyumba ya mwanawe, akakataa kusonga zaidi, akanirudishia chenji. Kilichoniuma ni kwamba yule kijana kweli alikuwa anaishi peke yake, kweli baba alikuwa amemfukuza, na shahidi bora kuliko wote ndiye aliyenibeba. Angeandika ukweli angepata. Aliandika kifo, kamati ikamtupa nje kwa uongo, nami nikarudi ofisini nimekasirika kama ni mimi niliyenyimwa.

Andika ukweli, basi, hata kama unakuaibisha. Kisha utafute watu waliokuona ukiishi huo ukweli: chifu, mwalimu mkuu, mchungaji au imamu, mwenye nyumba anayekudai kodi kila mwezi, mwenye kibanda anayekukopesha sukari. Mtu akikudai, anajua unaishi wapi na nani.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Ndeti, mkubwa wangu wa kwanza, mtu mrefu aliyependa chai kuliko mshahara. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Mumbua, ukifika kwa mtu usikague nyumba. Nyumba inapangwa. Mwambie akupikie chai." Nilidhani ni kiu yake tu inayozungumza. Baadaye nikaelewa. Mtu anayeishi peke yake anajua kiberiti kiko wapi bila kufikiri. Mkono wake unakwenda wenyewe. Anajua mkebe upi ni wa sukari na upi wa chumvi, anajua jiko lake lina kiburi gani na linabembelezwa vipi. Hayo huwezi kuyakariri asubuhi ya ukaguzi.

Kule Kinanie niliwahi kukuta chumba kilichonifanya nisikitike hata kabla sijaketi. Godoro sakafuni, sufuria moja, ukuta mtupu. Kijana mwenyewe alikaa ameinamisha kichwa kama anayesubiri mazishi. Nikamwambia, "Pole mwanangu, hebu nipikie chai tuongee." Mungu wangu! Alitafuta kiberiti chini ya godoro. Alitafuta kwenye mfuko wa shati. Mwishowe akatoka nje akaomba kwa jirani, na jirani akamuuliza kwa sauti kubwa, "Kwani wewe ndiye umehamia leo?" Chai ilikuja ina chumvi. Niliinywa yote bila kukunja uso, maana serikali ilikuwa inanilipa, kisha nikamuuliza yule kijana, mama yake anapika nini chakula cha mchana. Akajibu haraka, "Ugali na matumbo," halafu akafunika mdomo.

Hivyo ndivyo nilivyozoea. Miaka nenda miaka rudi watu walinificha vitu: walificha sofa, walificha televisheni, walificha akina mama wazima. Nikawa na jicho la kutafuta kilichofichwa. Na hilo jicho, enyi wajukuu, karibu linikoseshe kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuona kazini.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Ofisi ilikuwa imeniletea mwenzangu mpya, Sheila, binti wa Syokimau, mwerevu, mwepesi wa miguu na wa maneno, aliyekuja na viatu vyeupe na tableti. Zamani niliandika ripoti kwa mkono, nikijaza hadi pambizoni. Sasa mambo yalikuwa ya kubonyeza. Tableti iliuliza: mwombaji anaishi na nani? Ukabonyeza baba, au mama, au wote wawili, au mlezi. Mahali pa kubonyeza "peke yake" hapakuwepo. Nililalamika, nikaambiwa mtambo utarekebishwa. Mpaka nastaafu nilikuwa bado naambiwa hivyo.

Tulitumwa Kivaa kwa msichana anayeitwa Ndanu. Chifu alikuwa amenieleza habari zake kwa simu. Baba yake alikuwa na familia nyingine Kinanie na alishasema hamjui. Mama aliondoka zamani, hakuna aliyejua alikokwenda. Ndanu alilelewa na susu, bibi yake mzaa mama, na bibi alipofariki msichana akabaki kwenye ile nyumba peke yake, akisoma shule ya kutwa, akifua nguo za watu na kuchota maji ya kuuza wikendi. Alifaulu. Aliitwa chuo cha uuguzi mjini Machakos, na chuo kilikuwa kinakaribia kufunguliwa. Kamati ikimpa basari, anaingia. Ikimnyima, nafasi yake inakwenda kwa mwingine na yeye anarudi kwenye beseni la nguo za watu. Ilitegemea sisi tuseme nini.

Tulifika kabla ya saa sita, jua la Kivaa limeshapanda kichwani na viatu vya Sheila vimeshakuwa rangi ya barabara. Tukabisha hodi. Nikaingia, nikasimama pale mlangoni.

Sebule ilikuwa imejaa! Sofa zenye vitambaa vyeupe vya kufumwa. Meza ya kioo. Saa ya ukutani inayopiga kengele. Thermosi yenye maua, vikombe kwenye trei, viti vya mbao vya wageni kando ya ukuta. Na katikati ya fahari yote hiyo alisimama mama mnene mwenye leso mpya, akitupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni sana mwaitu, mama yetu! Mketi. Mimi ndiye mama yake Ndanu."

Ndanu alikuwa nyuma yake, mwembamba, macho sakafuni. Tukamsalimia, akaitika kwa sauti isiyovuka mdomo.

Sheila aliketi kwenye kiti kimoja cha mbao, akaninong'oneza, "Madam, hii keja imeiva kushinda yetu huko Syokimau. Na mathe ako hapa, amejaa tele." Nikaona kidole chake kinabonyeza "mama".

Nami nilikuwa nimekasirika, siwezi kuwaficha. Nilikuwa nimemwamini chifu. Nimekula vumbi njia nzima nikimhurumia huyu msichana, kumbe nimekuja kuketishwa kwenye sofa na kudanganywa mchana kweupe. Lakini mafunzo ya Mzee Ndeti hayalali. Nikasema, "Mama, jua ni kali. Tupikieni chai."

"Iko kwa thermosi," akasema mama.

"Nataka ya moto ya jikoni."

Jiko lilikuwa kijumba nyuma ya nyumba. Nikamfuata huyo mama mpaka mlangoni. Akaanza kutafuta kiberiti. Akainua sufuria, akafunua ungo, akapekua nyuma ya kuni, huku anacheka cheka na kunipigia hadithi ya ukame. Akafungua mkebe ili achukue sukari, ukawa na mbegu za kunde. Akafungua mwingine, chumvi. Ndipo Ndanu akapita kati yetu bila kusema neno. Akanyoosha mkono juu kwenye fito za paa, akashusha kiberiti bila hata kukitazama. Mkono wa pili ukatoa sukari kwenye kopo la kahawa lililokuwa nyuma ya mlango.

Huyu mama hakuwahi kupika katika jiko hili. Lakini sikuelewa, kwa kweli sikuelewa. Watu walinificha mama zao kwa miaka mingi. Nani angeniletea mama asiyekuwepo? Kwa faida gani?

Nikarudi sebuleni na kikombe changu, nikiwa na maswali tele. Sijaketi vizuri, akaingia bibi mmoja mfupi, ananing'iniza kiondo, anahema.

"Mnisamehe wageni," akasema. Baadaye nilimjua kwa jina la Susu Kalekye. "Na mimi nimefikiwa. Wale watu wa ntheo wamekuja mapema. Nilijua ni kesho!"

Ntheo, kwa wasiokuwa Wakamba, ni mbuzi wa kwanza wa mahari. Wanaume wakileta ntheo kwako huwezi kuwakalisha juu ya mawe. Tukampongeza.

"Asanteni. Sasa nimekujia viti yangu."

Yule mama mwenye leso akamkonyeza, akamkonyeza tena. Susu Kalekye hakuwa mtu wa kukonyezwa. "Unanifanyia nini na macho, Mama Mutuku? Wakwe wako kwa mlango! Wewe msichana, simama kidogo."

Sheila akasimama na kikombe mkononi, na viti vikatoka. Kabla hatujapumua, mwanamke mwingine akaingia mbio. Susu Kalekye ameomba sofa zake kwa wakwe, na yeye angewezaje kumnyima? Sofa zikatoka, vitambaa na vyote. Akaja mwenye meza ya kioo. Akaja mwenye saa, akaishusha ukutani ikapiga kengele njiani. Thermosi ikaondoka, trei ikaondoka, mtu akaniomba kwa heshima zote nimalizie chai haraka maana kikombe kinahitajika. Nilikuwa nimeanza kucheka, siwezi kujizuia. Kijiji kizima kilikuwa kinahamisha sebule moja kutoka kwa mgeni mmoja kwenda kwa mgeni mwingine mbele ya macho yetu.

Tulibaki tumesimama katika nyumba yenyewe. Kigoda kimoja. Kitanda cha kamba. Jerikeni ya maji. Sanduku la bati la shule lenye jina la Ndanu kwa rangi nyeupe. Na Mama Mutuku, katikati ya chumba, leso mpya begani.

Sheila akamtazama, akaniangalia, akauliza polepole, "Na mathe? Naye pia anaenda?"

"Nimeitwa huko kupika," Mama Mutuku akasema, kisha akaketi kwenye kigoda akaanza kulia.

Ndanu akampigia magoti. Nami nikachutama hapo hapo, na magoti yangu haya, kumsikiliza.

"Mimi ni jirani," alisema akipangusa macho na leso. "Niko na watoto wangu watano, huyu hata sijamzaa. Lakini walituambia mtu wa serikali anakuja. Sasa mgeni akute mtoto peke yake kwa nyumba tupu? Bila kiti? Bila mtu mzima wa kumkaribisha? Watasema Kivaa hakuna watu. Tukaona tumheshimishe. Kila mtu alitoa kile ako nacho. Mimi sina sofa, nikasema nitakuwa mama."

Sijui kama nyinyi mnanielewa. Nilikuwa nimezunguka na kazi hii mpaka nywele zimegeuka, na nilikuwa sijawahi kupewa heshima kubwa namna ile. Wale watu hawakutaka basari. Hawakujua hata basari inatolewaje. Walichojua ni kwamba mgeni hakuti nyumba tupu, na yatima wa wazazi walio hai hadharauliwi mbele ya mgeni. Nilitamani kuwakumbatia wote, na nilitamani kuwachapa wote.

"Futa hapo, Sheila," nikasema. "Andika anaishi peke yake, utafute pa kubonyeza."

Sheila akabonyeza, akabonyeza tena. Alikuwa ametazama tableti. "Imeenda, Madam," akasema. "Nilipotoka nje kuwapisha na ile sofa, network ilishika."

Ripoti ilikuwa imeshafika kwa kamati, na mtambo haukuruhusu kuirekebisha: anaishi na mama, nyumba ina samani. Sheila alikuwa karibu kulia na yeye, na sikuwa na moyo wa kumgombeza, maana mimi pia nilikuwa nimeuamini ule uongo mpaka kiberiti kilipotoka kwenye paa.

Hapo ndipo Ndanu aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Madam, kwani nimekosa chuo?" akauliza. "Hawa watu walinifanyia mema tu. Kama ni kosa, ni yangu, ningewaambia hapana. Lakini nilifurahi. Hii nyumba haijakuwa na watu tangu susu aende."

Nikamwambia hajakosa chuo. Sikuwa na uhakika hata kidogo. Nilimwambia kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie. Kisha nikamwambia Mama Mutuku kamati inakaa Alhamisi kwa ofisi ya chifu, aje aseme kwa mdomo wake kwamba si mama wa Ndanu.

Alhamisi nilikuwa nimeomba aje mtu mmoja tu, Mama Mutuku. Kamati ilikuwa ndani, mwenyekiti akiwa Mwalimu Nzioka, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa haki lakini mgumu, asiyependa hadithi. Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, naye ananitazama juu ya miwani. "Mumbua," akasema, "ripoti ya ofisi yako inasema kuna mama na sofa. Mdomo wako unasema hakuna mama wala sofa. Niamini ipi?"

Tukasikia punda analia nje.

Tulitoka. Uwanjani ulikuwa umesimama mkokoteni wa punda, na juu ya mkokoteni, wajukuu, zilikuwa sofa! Sofa na vitambaa vyake, viti vya mbao vimefungwa kwa kamba, meza ya kioo imelazwa kwenye blanketi. Susu Kalekye amekumbatia thermosi. Mtu mwingine amebeba saa kifuani, na saa ikapiga kengele mbele ya kamati nzima. Watu wa kijiji wametembea kando ya mkokoteni njia yote, na mbele yao Mama Mutuku na Ndanu.

"Hii ni nini?" Mwalimu Nzioka akauliza.

"Mlisema mliona vitu," Mama Mutuku akajibu. "Vitu ni hizi, na wenyewe ni hawa. Muulize mmoja mmoja."

Na akawauliza! Huyo ndiye Mwalimu Nzioka. Alisimama juani akanyooshea kidole kila kitu, na mwenyewe akajitokeza. Kiti changu, mwalimu, angalia nyuma kuna jina la mzee wangu. Saa yangu, ilikuwa zawadi ya kwaya. Sofa zangu, huyo doa ni mtoto alimwaga uji. Mama Mutuku akatoa picha ya watoto wake wote watano, akasema akiongeza wa sita atamlisha nini.

Lakini Mwalimu Nzioka hakuwa amemaliza. "Sawa," akasema. "Basi huyu msichana hana wazazi wa kumsaidia, lakini ana nyinyi. Kijiji kinachoweza kupanga sebule kwa asubuhi moja hakiwezi kumsomesha?"

Lilikuwa swali zuri. Aliyejibu ni Susu Kalekye, bila kuweka thermosi chini.

"Mwalimu, mimi naazimisha kiti kwa sababu inarudi. Sasa karo ikienda, itarudi?"

Watu walicheka, na yeye mwenyewe akashangaa kwa nini wanacheka, maana alikuwa anasema kweli tupu. Mwalimu Nzioka alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Ndanu. "Hebu niambie. Katika mkokoteni huu, chako ni kipi?"

Ndanu akauzunguka mkokoteni. Aliutazama kweli, kwa uangalifu, kama anaogopa kusahau kitu.

"Hakuna, mwalimu," akasema. "Hata punda ni wa jirani."

Alipata basari. Aliipata pale pale uwanjani, kabla kamati haijarudi ndani, na vigelegele vilivyopigwa viliwafukuza kuku wa chifu mpaka barabarani. Sheila alirusha mikono juu akampiga Mwalimu Nzioka begani kwa bahati mbaya. Mimi niliketi kwenye sofa, pale pale juu ya mkokoteni, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Sasa sababu ya furaha yangu ya leo.

Ndanu ni muuguzi, na amepanga chumba hapa mjini Machakos. Jana alinialika. Nilikuta viti vyake mwenyewe, alivyovinunua mwenyewe, na aliniketisha kwenye kimoja kwa mbwembwe kubwa. Tunaongea, mlango ukagongwa. Ni binti wa chumba cha pili, Mwikali, mwanafunzi wa chuo, anaishi peke yake kwa sababu ambazo hazituhusu.

"Ndanu, niazime viti," akasema, anahema. "Mtu wa basari ako hapo kwa gate. Atakaa wapi? Sina hata stuli."

Na mnajua Ndanu alifanya nini? Alisimama! Muuguzi mzima, aliyepitia yote niliyowaeleza, akasimama na kukishika kiti chake ampe. Damu ni damu, mtu wa Kivaa ni wa Kivaa. Ikabidi nipige kelele. "Weka chini! Weka hicho kiti chini, Ndanu!" Akashtuka, akanitazama, halafu akaelewa, tukaanza kucheka sote wawili mpaka maskini Mwikali akadhani tunamcheka yeye.

"Lakini susu," Mwikali aliniambia machozi yakimlengalenga, "ni aibu akute hivyo."

Nikamshika mikono. Nikamwambia, mwanangu, mkaribishe kwa nyumba uliyo nayo. Mwache akae kwenye ndoo. Mwambie ukweli wote, na akikuomba chai, mpikie. Akajipangusa uso akarudi kwake.

Ukuta wa vyumba vile ni mwembamba. Mimi na Ndanu tulisogeza viti vyetu karibu nao bila haya yoyote. Tukasikia hodi. Tukasikia mgeni anaingia, na nilipoisikia sauti yake nikamfinya Ndanu mkono mpaka akaguna, maana ilikuwa ya Sheila, imekomaa sasa, sauti ya afisa mkubwa.

"Ni sawa, nitakaa tu kwa hii ndoo," alisema Sheila. Tukasikia ndoo inageuzwa. "Jua ni kali leo. Hebu nipikie chai."

Tulishikana mikono. Na upande wa pili wa ukuta, papo hapo, bila kutafutwa, kiberiti kikawaka.